Usiniuzie Herufi Mbili kwa Laki na Nusu

Wasee, leo sina salamu ndefu. Nimekuja kugombana.

Wiki mbili zilizopita nilishika besi ambayo karibu kila mpiga besi ninayemjua Nairobi anaiota. Squier JV, muundo wa Precision Bass, nyeusi, rangi imeanza kuchubuka pale mkono unapolala, imetengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mwenyewe anataka 150,000. Mimi nilikuwa na 62,000, pesa ya jasho, ya harusi na matanga na ibada za Jumapili, nimeiweka kidogokidogo kwa karibu miaka miwili. Na kila mtu niliyemwambia alinijibu neno moja: chukua.

"Chukua, hiyo ni vinteji." "Chukua, hiyo haishuki bei." "Chukua buda, zingine utakopa." Sasa nisikilizeni vizuri: katika hao wote, hakuna hata mmoja aliyeniuliza besi yenyewe iko katika hali gani. Shingo imenyooka? Freti zimebaki? Inatoa sauti kwenye nyuzi zote nne? Hakuna. Walisikia JV wakafunga kesi.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nikajiuliza, kwani sisi tunanunua chombo cha muziki ama tunanunua herufi?

Msimamo wangu ni huu, na mkitaka kunipopoa mnipopoe. Besi ya mtumba ina thamani ya kile kilichobaki ndani yake na kazi itakayokufanyia. Hilo jina ni hadithi ya muuzaji. Na ukikopa ili ununue hadithi, wewe ndiye utakayeilipia, si yeye.

Tuanze na hizo herufi zenyewe, juu wengi wanazitaja kama jina la mtakatifu na hawajui zilitoka wapi.

Leo Fender alitoa Precision Bass mwaka 1951, huko California. Kabla ya hapo mpiga besi alikuwa anabeba lile dude la mbao refu kumshinda, lisilo na freti, na kidole kikiteleza kidogo tu umeshatoka kwenye tyuni. Fender akaweka freti. Ndio maana akaiita Precision: unabonyeza, noti inatoka sawasawa. Ilikuwa zana ya kazi, ya kumsaidia mtu anayelipwa kwa usiku afike nyumbani mgongo ukiwa salama.

Mwaka 1965 kampuni hiyo ikauzwa kwa CBS, shirika kubwa la utangazaji la Marekani. Kufikia miaka ya sabini wanamuziki wengi walikuwa wanalalamika kwamba ubora umeshuka. Wakati huohuo viwanda vya Japani, majina kama Tokai na Greco, vilikuwa vinanakili magitaa ya Kimarekani vizuri mpaka wenyewe wakaanza kutokwa na jasho. Fender ikaamua kuwafuata kulekule kwao. Mwaka 1982 ikaanzishwa Fender Japan, kazi ikapewa kiwanda cha FujiGen kule Matsumoto. Jina Squier walikuwa nalo tayari, lilikuwa la kampuni ya nyuzi waliyoinunua miaka ya nyuma. Wakalibandika kwenye magitaa ya bei nafuu ya kuuzwa nje, hasa Ulaya. Zile za kwanza, za 1982 mpaka 1984, namba zake zinaanza na JV.

Umeskia hapo? Bei nafuu. Hii besi ilizaliwa ili kijana asiye na doo ya Fender ya Marekani naye apate kitu cha maana. Na ilitoka safi sana, hilo sikatai, wale mafundi wa Matsumoto hawakuwa wanacheza. Lakini leo, miaka arobaini baadaye, besi ya kijana asiye na doo inauzwa kwa bei ambayo kijana asiye na doo hawezi. Na wanaoipigia debe ni nani? Ni sisi sisi, vijana tusio na doo.

Haya, nilienda kuiona. Sikwenda peke yangu. Mtaani kwetu kuna mzee mmoja aliyepiga besi kwenye mahoteli na klabu tangu sijazaliwa, na nilimwomba anisindikize. Najua wengine mtacheka. Lakini nyinyi hao hao, mkienda kununua Probox, si mnaenda na makanika? Mnamwambia alale chini aangalie kama kuna oili inavuja. Mnaskiza injini ikiwa baridi. Mnashuku hata kilomita, mnajua zinarudishwa nyuma. Lakini mkienda kununua besi mnabeba simu tu, ya kupiga picha.

Tulifika. Jamaa akatutolea besi kwenye begi lake, akaiweka kitandani kama mtoto mchanga. Mimi moyo ukaruka. Mzee hakusema kitu. Aliichukua, akaifunga macho moja na kuichungulia shingo kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayepima mbao. Akabonyeza uzi kwenye freti ya kwanza, akabonyeza tena kwenye ya mwisho, akaangalia katikati. Uzi ukibonyezwa hivyo unakuwa kama rula iliyonyooka, kwa hivyo shingo ikiwa imepinda utaona pengo. Pengo lilikuwepo, na si dogo.

"Una bisibisi?" akamuuliza jamaa.

"Mzee, hii haifunguliwi. Ni orijino."

"Basi kama ni orijino haina cha kuficha."

Tukafungua. Shingo ya Precision imeshikwa na skrubu nne tu. Nataka mkumbuke hiyo namba. Skrubu nne maana yake mtu yeyote akiwa na dakika kumi anaweza kutoa shingo ya besi moja na kuiweka kwenye nyingine, na maandishi ya pale kichwani ni stika tu, na stika huchapishwa. Kwa hivyo ukiona jina kule juu, umeona stika. Bado hujaona besi.

Hii yetu shingo na bodi zilikuwa za kweli, tuseme haki. Lakini ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopigana na mvuto wa nyuzi, na kwenye muundo huu wa kizamani nati yake iko kwa chini, pale shingo inapoingia kwenye bodi. Huwezi kuikaza vizuri bila kufungua. Mzee alijaribu kuizungusha kidogo tu, ikagoma. Ilikuwa imekazwa mpaka mwisho na bado shingo imepinda. Hiyo ni habari mbaya. Kuna ujanja wa kuongeza washa ili nati ipate nafasi tena, na wakati mwingine unafanya kazi. Wakati mwingine haufanyi, unabaki na shingo ya kuning'iniza ukutani.

Freti tano za kwanza zilikuwa na mifereji, zimeliwa na nyuzi. Fundi wangu aliniambia kuziweka mpya ni 15,000. Pikapu haikuwa ya asili: lehemu yake ilikuwa inang'aa kama ya jana. Pikapu mpya si dhambi, inaweza hata kuwa nzuri kuliko ya kwanza. Lakini boss, huwezi kunidai bei ya makumbusho kwa kitu ulichokibadilisha matumbo.

Tukairudisha, tukaipiga. Na hapa lazima niwe mkweli, juu nisipokuwa mkweli hii posti haina maana. Sauti ilikuwa tamu. Manze, ilikuwa tamu sana. Kule chini kwenye uzi mnene ilikuwa na ule uzito ambao besi yangu haina, noti inasimama hata ukiiacha. Nilipiga dakika ishirini na sikutaka kuiachilia. Kama mngenipata dakika hiyo na simu mkononi, ningekopa.

Nikamwambia jamaa, nakupa 60,000, juu kuna freti, na kuna hiyo shingo ambayo inaweza kunifia mkononi.

Akacheka. "Kijana, hiyo ni bei ya Squier ya kawaida."

Nikamwambia, "Boss, si Squier ndiyo hii?"

Hatukuelewana. Tukaondoka. Na tangu siku hiyo ananiandikia: kuna mwingine anaitaka, kuna mwingine anakuja kesho, amua haraka. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Sasa hiki mbona kinanitumia meseji kila asubuhi?

Sasa hesabu, na naomba msiruke hapa. Harusi moja mimi hulipwa 3,000. Besi ya 150,000 ni harusi 50. Nikitoa akiba yangu yote bado napungukiwa na 88,000, ambazo ni harusi 30 hivi. Mwezi mzuri napata mbili. Kwa hivyo ni miezi 15 napiga besi bure, kila noti ni ya mkopeshaji, na hapo sijaweka riba, sijaweka freti, sijaweka nauli ya Kitengela na kurudi. Halafu jiulize: nikibeba JV, harusi itanilipa ngapi? 3,000. Ileile. Kamati ya harusi haijawahi kumuongezea mtu pesa kwa sababu ya namba iliyo kwenye besi yake. Kamati inataka ufike saa mbili asubuhi na usikosee wimbo wa bibi harusi akiingia.

Kuna jamaa tulianza naye kupiga kanisani, tukiwa tunagawana besi moja ya kanisa. Alinunua besi ya jina kwa mikopo ya simu. Akachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na wa tatu kulipa wa pili, mnajua hiyo ngoma. Mwishowe besi ikawekwa rehani kwa mtu. Harusi zikawa zinakuja na hana cha kupigia. Miezi mitatu alikuwa anaazima yangu, hii mnayoiita takataka. Picha ya ile besi bado ndiyo picha ya wasifu wake. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hii haikusitiri hata kidole.

Na hii ndiyo inaniuma zaidi ya pesa. Ulizeni wazee wa muziki wa mji huu. Enzi za bendi za miaka ya sitini na sabini, wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo vyao. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi ama mwenye klabu. Mwenye vyombo ndiye alikuwa bosi: yeye ndiye alipanga nani apande jukwaani, alipwe ngapi, na ukikorofishana naye unaondoka na vidole vyako tu. Watu wenye vipaji vya kutisha walitumikia gitaa ambalo si lao maisha yao yote. Yule mzee aliyenisindikiza ananiambia alipiga miaka saba kabla ya kumiliki hata uzi mmoja.

Sisi tumepata bahati ambayo wao hawakuwa nayo. Kijana wa leo anaweza kuwa na besi yake, begani, apande mathree, aende anakotaka, akatae kazi asiyoitaka. Huo ni uhuru. Halafu unaenda kuuchukua huo uhuru unauweka mikononi mwa programu ya mkopo? Umerudi kulekule, una mwenye vyombo mpya. Tofauti ni kwamba huyu hata haji kukuskiza ukipiga.

Najua mtasema nini. Nimeyaskia yote, kwa hivyo tuyamalize.

Mtasema, "Lakini wakubwa wote walipiga Precision." Kweli. James Jamerson, yule wa Motown, alipiga Precision ya mwaka 1962, na kazi aliyofanya na ile besi watu bado wanaisomea. Lakini fikiria kidogo. Mwaka 1962 hiyo haikuwa vinteji. Ilikuwa besi mpya ya kazi. Na anajulikana kwa mambo ambayo leo mngemcheka: alikuwa anavuta nyuzi kwa kidole kimoja, na nyuzi zenyewe hakuwa anabadilisha mpaka zikatike. Hakuwa anaringa na chombo, alikuwa anakimaliza. Besi hiyo iliibiwa mwaka 1983, mwaka uleule aliofariki. Sauti imebaki kwenye rekodi. Sasa nawe umebeba laki na nusu kwenye mathree saa tano usiku, niambie unalala vipi.

Na kwani lazima twende Detroit? Chukua benga. Kwenye benga besi haikai nyuma kama mgeni, inakimbia, inajibizana na gitaa, ndiyo inayowatoa watu kwenye viti. Zile santuri zilizouzwa River Road, watu walizicheza mpaka zikachakaa. Nani alishawahi kukuambia besi ya ndani ilikuwa ya kampuni gani? Baba yako anajua kila mstari wa ile besi kwa mdomo, dum-du-dum, na hajui hata ilikuwa rangi gani.

Mtasema, "Hiyo ni uwekezaji, utaiuza kwa bei ya juu." Utamuuzia nani? Tokyo ama London kuna maduka na wakusanyaji, mtu ana besi ishirini na anatafuta ya ishirini na moja. Hapa kwetu mnunuzi wako ni kijana mwingine kama wewe, mwenye 62,000 na ndoto. Ili wewe upate faida, lazima yeye naye akope. Huo si uwekezaji, huo ni upatu, na wa mwisho kwenye foleni ndiye analia.

Mtasema, "Sauti haina mfano." Nimekubali ni tamu. Lakini ilikuwa tamu kwenye chumba kimya, na amplifaya nzuri. Kazi zetu ziko wapi? Kwenye tenti, jenereta inanguruma nyuma, spika moja inakoroma, fundi wa mitambo ameshusha besi juu bibi ya mchungaji amelalamika. Ukitaka sauti nzuri kwa pesa kidogo, anza na nyuzi mpya, halafu shingo irekebishwe na fundi, halafu metronomu. Vidole vyako ndivyo vinapika. Sufuria ya bei haijawahi kuivisha maharagwe mabichi.

Msininukuu vibaya lakini. Sisemi msinunue mtumba. Mtumba mzuri unaishinda mpya ya bei rahisi mara nyingi, mbao imeshatulia na matatizo yameshajitokeza. Sisemi pia JV ni mbaya. Mtu akiniletea JV yenye shingo iliyonyooka, fimbo bado ina nafasi ya kukazwa, freti zina mwili, kwa bei ambayo akiba yangu inaifikia, nitainunua kabla hajamaliza sentensi. Ninachokataa ni kulipia jina pesa ya besi, halafu nilipie besi tena kwa fundi.

Kwa hivyo ukienda kuona besi ya mtumba, ya jina ama bila jina, fanya hivi. Nenda na mtu anayeijua na asiyeipenda kama wewe. Chungulia shingo na uulize fimbo ya ndani imebaki na nafasi gani. Pitisha kidole kwenye freti, kisha piga kila freti kwenye kila uzi, zote, hata kama muuzaji anakuangalia vibaya. Zungusha vitufe ukiwa umechomeka: vikikwaruza ni vumbi, haidhuru, lakini sauti ikikatika kuna kazi. Omba ifunguliwe. Akikataa, umeshapata jibu. Mwisho, gawanya bei kwa pesa unayolipwa kwa kazi moja, na ikiwa jibu linazidi kazi ambazo umeshafanya na kuweka akiba, rudisha begani mwake, sema asante, shuka ngazi.

Mimi nilishuka. Sikudanganyi, iliuma. Usiku ule niliota ile noti ya chini.

62,000 bado ziko. Jumapili naenda na mzee kuona nyingine, haina jina la kutisha, ila mwenyewe amesema kwa simu kwamba bisibisi anayo. Jumamosi kabla ya hapo nina harusi Kitengela, na naenda na takataka yangu. Imelipiwa yote.

Ukibisha, bisha. Lakini kwanza niambie umebakisha deni ngapi.